Ndoo ya Maji Gerejini

Haya yalimpata rafiki yangu Huguette hapa Durban mwaka 1998, na tangu anisimulie sikubali mlango ujifunge nikiwa na mwanangu. Alipeleka chakula Pinetown, nje kidogo ya mji, mwanawe Prodige mgongoni, kwa mumewe Léonard, aliyekuwa akimtengenezea risasi mzungu mmoja mwindaji, gerejini kwa huyo mzungu: anayeyusha madini, anamimina kwenye kalibu ya kuyapa umbo, anadondosha kila risasi ya moto kwenye ndoo ya maji ili iwe ngumu. Huguette akaingia gerejini, mlango ukajifunga, taa ikazimika, mtoto akaanza kulia. Ndooni, chwaa!

“Papa Prodige, acha kazi, fungua!”

“Eish, mama Prodige, si niko huku nje nauvuta mlango!”

Chwaa. Chwaa, sasa nyuma yake kabisa. Mtoto akaacha kulia.

Mlango ulipofunguka, Prodige alikuwa ameshika risasi kiganjani, ingali ya moto, na ngozi haikuungua.