Mayai Aliyoyapanga Baba

Siku baba alipozikwa, Nyuki alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha kiangulio, ile mashine ya kuangulia vifaranga. Ndani yalikuwamo mayai ambayo baba aliyapanga kwa mikono yake wiki moja kabla. Kompyuta ndogo ambayo baba aliifunga ubavuni mwa mashine iliendelea na kazi kana kwamba hakuna aliyekufa: kupima joto, kufungua tundu la hewa, kugeuza mayai, kuchora michoro ya joto kwenye kioo chake. Ilimkera.

Aliitwa Nyuki kwa sababu hakosi neno la kuchoma. Siku chache baadaye lilimpata baba mdogo, fundi redio, aliyehamia pale kuendeleza kazi.

"Mbona inajikokota hivi? Umeilemaza mashine ya baba!"

"Iache, mama. Ndivyo inavyotakiwa."

"Na nani? Na wewe uliyekuja jana?"

Baba mdogo alipotoka, Nyuki akapandisha kasi ya kompyuta hadi mwisho. Michoro ikaanza kukimbia kiooni. Akaridhika.

Adhuhuri, jua lilipowaka juu ya bati, kompyuta ikawa ya moto kama pasi, ikajizima. Tundu la hewa likabaki limefungwa na joto la mayai likaanza kupanda. Nyuki akapiga yowe. Baba mdogo akaingia mbio, akafungua milango ya kiangulio, akapepea kwa kipande cha boksi.

"Nani kagusa?" akafoka.

"Mimi! Kila kitu cha baba mnakifanya kizembe!"

"Baba yako ndiye aliyeipunguza kasi! Humu feni ya kompyuta haikai, manyoya yanaiziba, na bila feni ikikimbia inachemka. Kwa hiyo akaipangia: tundu la hewa kwanza, halisubiri. Kugeuza mayai baadaye. Michoro, ikipatikana nafasi. Ikimaliza, itulie ipoe."

"Mbona hakuniambia? Kaondoka tu!" Nyuki alilia kwa hasira.

Baba mdogo akashusha boksi. "Hata mimi nina hasira naye. Lakini tusizimalizie kwenye mayai yake. Kazi nzuri si kukimbia kutwa nzima, Nyuki. Ni kujua lipi halisubiri, ulifanye kwa wakati wake, kisha upumzike. Na usilolijua, uliza kabla ya kugusa."

Kompyuta ikarudishwa kwenye kasi aliyoipanga baba, na siku ya kuangua ilipofika vifaranga wengi walitoka. Mayai mengine hayakutoa kitu, na Nyuki hakumsingizia mtu.

Siku hizi mayai yanapangwa na Nyuki na baba mdogo.