Sauti ya Francine Kwenye Diski

Jumanne, tarehe 15 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, mvua ilikuwa ikipiga mabati ya mtaa wa Mikelenge hata watu wakasemezana kwa kupaza sauti. Ndani ya duka lake la kupigia chapa, Mado Ngandu alikuwa akiijaribu diski ya nje aliyoletewa na Blaise, muuza vifaa. Kompyuta yake kuukuu ilikwisha kuanza kukoroma kama mgonjwa, na humo mlikuwa na kitu kisichopatikana tena duniani: sauti ya binti yake, iliyohamishwa kutoka kaseti iliyokwisha kuharibika.

Francine, mwenye miaka saba, anasoma Zaburi, kisha anacheka: "Nimemaliza!" Basi. Mwaka 2002, mji ulipozingirwa vitani, Mado alikuwa amevuka mto Lualaba kutafuta unga, na mitumbwi ikakatazwa kurudi. Mtoto alikufa kwa homa mikononi mwa bibi yake, akimwita mama.

"Mama Mado, hii diske iko mbio sawa pikipiki ya barabara ya Kampene," Blaise alijisifu. "Lipa tu."

"Pikipiki ya Kampene inaangushaka batu, papa Blaise. Acha nilinganishe kwanza."

Nakala zote alizohamishia kwenye diski zililingana na asili, isipokuwa moja. Rekodi ya sauti ya Francine ilikuwa imerefuka. Mado akavaa visikizio. Zaburi, kicheko, "Nimemaliza!", kimya, kisha, karibu kabisa na sikio, "Mama?"

"Abee, mwanangu! Niko hapa!" aliitika kabla akili haijamfikia.

"Unasema na nani?" Blaise aliuliza.

Mado alivivua visikizio, akanusa. Harufu ya majani machungu yaliyochemshwa, yale waliyonyweshwa wenye homa wakati wa vita, ilikuwa imetanda dukani.

Kesho yake alinakili upya, na nakala ikarefuka zaidi, keshokutwa hata ile ya asili ilikuwa imerefuka ndani ya kompyuta, na sauti haikungoja tena visikizio bali ilitoka mezani, ukutani, chini ya kiti, ikilalamika taratibu kama mtoto aliyechoka kulia, "Mama, mbona haukuvuka kurudi? Vuka sasa, niko huku ng'ambo," hata magharibi ya Ijumaa, jirani yake, Salama, akamkuta Mado mtoni, maji yakimfika kiunoni, akakishika kitenge chake, akamvuta nje.

Salama alikuwa binti wa mwalimu wa Kurani kutoka Kasongo. Hata Wakristo walimwendea walipoishiwa na sala.

"Siku ya kwanza ilikuita mara ngapi?" Salama alinong'ona, baada ya Mado kumweleza yote.

"Moja."

"Na wewe ukaitika?"

"Mutoto yangu aliniita, dada!"

"Mutu anaita mwenzake mara mbili, Mama Francine. Jini ndiyo inaita mara moja. Kwetu batoto wanafundishwa: ukiitwa mara moja, nyamaza."

"Mimi ni wa Kasai, si wa huku. Hakuna aliyeniambia."

"Futa yote. Diske na kompyuta."

"Na ile sauti yake ya kweli?"

"Jini imeshaingia ndani yake. Na ikiita, usiitike."

Mado akamshika mkono. "Siku ile aliniita, sikumuitika. Leo tena?"

Salama alimwinua, wakarudi nyumbani.

Asubuhi ya Jumamosi Salama alichoma ubani, akaanza kisomo cha Kurani. Mado alianza na diski; ikawa tupu. Kisha akaiamuru kompyuta ijifute yote, polepole, kwa kuandika juu ya kila kilichokuwamo, na kadiri hesabu ya asilimia ilivyopanda ndivyo sauti ilivyozidi kuita, mara moja, ikanyamaza kungoja, ikaita tena mara moja, ikanyamaza, naye akajaza kitenge kinywani, akakiuma hadi fizi zikatoka damu, machozi yakimdondoka juu ya vidole ambavyo bado vingeweza kusimamisha kazi ile.

Hesabu ilipokaribia mwisho, harufu ya majani ikatoweka. Ndipo sauti ikaita, nyembamba, bila lawama:

"Mama? Mama?"

Mara mbili.

Mado alimgeukia Salama. Salama alikuwa ameacha kusoma, ameinamisha uso.

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa pameandikwa: imefutwa asilimia 100.