Pembe Iliyosimama Mezani

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta Dosimkhan mwenyewe, na heri tuseme mapema kabla majirani hawajatusemea. Aliuokota ushahidi kwa mkono wake, akaupakata juu ya farasi mpaka kituoni, akausimamisha mezani, akaona unapendeza, akatundika kofia.

Ushahidi wenyewe ulikuwa pembe ya kulungu dume. Ilikuwa na matawi sita, na la pili limepinda kama kidole kilichoungwa na mganga mlevi. Ilikutwa Jumanne moja ya Aprili, saa nne asubuhi, chini ya genge la Kokjar, kando ya maiti ya Mzee Kabdesh. Mbwa wa marehemu, Aktos, alikuwa amefika kijijini alfajiri peke yake, akaliuma pindo la koti la Nazipa, mke wa mzee, wala hakuliachia mpaka mama wa watu akaifuata njia.

Inspekta alitazama juu akaona ukingo wenye barafu. Akatazama chini akaona mzee na pembe. Kwake hesabu ilikwisha. Kila mtu kijijini Akbulak alimjua kulungu mwenye tawi lililopinda. Baridi ikielekea ukingoni madume huangusha pembe ili waoteshe mpya, na watu hupanda mlimani kuziokota wamuuzie mchuuzi wa lori. Kabdesh naye aliokota akauza, ila za dume yule mmoja hakuziuza kamwe. Alizitundika ukutani mwaka baada ya mwaka. Basi mwaka huu kaiona ukingoni, kaiinamia, kateleza. Inspekta akaandika "ajali", akaagiza chai.

Chai haijapoa, Nazipa akaingia kituoni. Nyuma yake alikuwa Sayan, mwanawe wa pekee. Aktos aliwafuata mpaka uani, akaketi mbali, akakataa kusogea.

"Afande," Nazipa alisema, "mume wangu ameupanda mlima ule tangu ana meno yote kinywani. Hakuteleza."

"Mama, barafu haijui mkubwa wala mdogo."

"Kama wewe. Umetundika kofia kwenye pembe aliyofia mume wangu."

Dosimkhan aliichopoa kofia haraka. Pembe ilitikisika kidogo, ikatulia wima.

"Mama, twende," Sayan alimvuta mkono. "Aliyekufa amekufa."

"Nyamaza. Baba yako anaandikwa mzembe, nawe unataka twende? Afande, kamuulize Tokish, mwokota pembe mwenzake. Msimu uliopita alimwambia mume wangu mbele za watu, 'Nikikukuta tena kwenye korongo langu, utashuka bila kutumia miguu.'"

Maneno hayo Dosimkhan aliyasikia kwa masikio yake, tena aliyacheka. Sasa hayakuchekesha. Akapanda farasi.

Tokish alimpokea akiwa amelala, mguu wa kushoto umefungwa plasta mpaka gotini.

"Umekuja kunikamata?" aliuliza. "Karibu. Ila utanibeba, maana farasi wangu alinikanyaga wiki mbili zilizopita, na mke wangu amegoma."

"Nimegoma kweli!" mkewe alidakia kutoka jikoni. "Mzito kama jiwe la kusagia, na kazi hafanyi."

Dosimkhan aliigonga plasta kwa kidole. Ilikuwa ngumu na chafu, mashuka nayo yalinuka ulalaji wa siku nyingi. Mtu huyu hakupanda hata kitanda bila kusaidiwa.

"Ulimtishia Kabdesh."

"Nilimtishia kila mwaka, naye akanitukana kila mwaka. Huo ndio ulikuwa ujirani wetu. Sikiliza, afande. Mimi naokota pembe nipate kula. Yule aliokota ili awe na sababu ya kuamka. Nilimwonea wivu, ndiyo. Lakini kumuua? Nani tena angenitukana vizuri vile?" Akajipangusa pua. "Ila kuna jambo. Mwezi wa pili, theluji bado ngumu, nilisikia bunduki huko juu. Mlio mmoja tu. Nikasema moyoni, huyo hakuja kuokota, huyo amekuja kuchukua."

"Kwa nini hukuripoti?"

"Kwako? Ungeandika 'radi'."

Inspekta aliyameza hayo kwa kuwa yalikuwa haki yake.

Kesho yake alasiri aliipeleka pembe nyumbani kwa Nazipa, ambaye alitaka itundikwe pamoja na pembe nyingine za dume yule. Ukuta mzima ulikuwa umejaa pembe, zote zimening'inia kwa kamba za ngozi, kila moja na tawi lake lililopinda. Dosimkhan aliisimamisha ile ya kwake sakafuni karibu na mlango. Nazipa akashusha ya mwisho ukutani apate nafasi, akaiweka kando ya ile. Ikaanguka. Akaisimamisha. Ikaanguka tena, ikabiringika mpaka kwenye meza ya chai.

"Hazisimami hizi," alisema mama. "Ndiyo maana alizitundika."

Dosimkhan alichuchumaa. Aligeuza ile iliyoanguka akakuta tako lake limevimba, limejaa vijipele, mviringo kama kisigino cha mchungaji. Hivyo ndivyo pembe hubanduka yenyewe kichwani. Akashusha nyingine, na nyingine. Zote ni hivyo. Kisha akaigeuza ya kwake. Tako lilikuwa bapa kama sahani, limepakwa majivu na udongo. Akalisugua kwa kidole gumba, ukatokea mfupa mweupe wenye mistari myembamba, sambamba.

Kichwa kikamwasha pale pale kofia inapokaa.

"Mama, nahitaji msumari wa kutundikia."

"Bandani, nyuma ya majani ya farasi. Sayan anajua."

"Nitautafuta mwenyewe."

Alitoka bandani bila msumari. Alipoingia ndani, Sayan alikuwa amerudi, ameketi mezani na bakuli la chai ya maziwa, anachovya andazi. Dosimkhan akauweka msumeno alioutoa bandani mbele yake, katikati ya maandazi. Ungaunga mweupe ulikuwa umeganda kwenye meno ya chuma.

"Huu wa nani?"

"Wa nyumbani."

"Na huu unga?"

"Mfupa," Sayan alisema upesi. "Tulichinja kondoo kwa ajili ya matanga. Nilikuwa nakata mapaja."

Nazipa, aliyekuwa akimimina chai, alisimamisha birika hewani. Katika milima ile hata mtoto anajua kwamba nyama ya matanga hugawanywa kwa kisu, kiungo kwa kiungo, na mfupa haukatwi. Kupitisha msumeno kwenye mfupa wa kondoo wa maiti ni kumtukana maiti.

"Kondoo nilimgawanya mimi," alisema taratibu. "Kwa kisu cha baba yako. Wewe ulikata nini?"

Sayan alilitazama andazi kana kwamba jibu limo ndani yake.

"Nitakusaidia," Dosimkhan alisema. "Mwezi wa pili ulimpiga risasi yule dume, ukaficha kichwa. Fuvu liko nyuma ya majani, pembe moja bado iko juu yake. Baba yako akatafuta pembe zilizoanguka asizione, mpaka theluji ilipoyeyuka akaona mzoga usio na kichwa, akakushuku."

"Alisema anakwenda kwa askari wa msitu," Sayan alinong'ona. "Kunishtaki mimi, mwanawe! Kwa ajili ya mnyama! Miaka yote anangoja adondoshewe vipande viwili vya mfupa, navyo anavitundika. Mchuuzi aliniahidi, nikimletea kichwa kizima, atanichukua mjini kwenye lori lake. Nilichoka kungoja, afande. Nilimshika koti ukingoni asiende. Akajinasua. Nikamsukuma. Sikukusudia genge."

"Kisha ukarudi hapa kukata pembe, ukampelekea, ionekane aliteleza akiiokota. Ulipofika nayo, alikuwa bado hai?"

Nazipa aliliweka birika mezani. Sayan alijifunika uso kwa viganja.

"Jioni ile nilikuuliza," Nazipa alisema, "baba yako yuko wapi? Ukasema anakuja. Ukaniomba nikuongezee supu."

Dosimkhan alitoa karatasi mfukoni. Hakuwahi kuona kazi aliyoifanya vizuri ikimchukiza hivi. "Mama, hapa bado pameandikwa ajali. Nikiichana hii, hairudi tena."

Kusema hivyo halikuwa jambo la askari, alijua. Lakini kwa mama yule hakukuwa na mlango mwingine: huku kaburi, kule jela.

Sayan alipiga magoti, akamshika mama yake sketi. "Mama, mwambie aiache! Baba harudi. Mimi nitakupasulia kuni, nitakuchotea maji, sitakwenda mjini, sitakwenda popote. Nikiondoka mimi, utabaki na nani humu ndani? Sema! Utabaki na nani?"

Nazipa aliibandua mikono yake, kidole kwa kidole, akaichukua karatasi kwa Dosimkhan, akaichana.

"Na mbwa. Baba yako alipoanguka, yeye alikuja kuniambia."