Koti la Alfayo

Kila siku Mumbua alipotoka shuleni, kikao kilifunguliwa jikoni. Babu yake, Mzee Bethuel, alisimama kando ya hita ya mafuta ya taa, akakohoa, akanyoosha ukosi wa shati lake.

"Bibi Spika," alisema kwa sauti nzito, "naomba kutoa hoja kwamba chai iletwe, na sukari isipimwe kwa uchoyo."

"Wanaoafiki waseme ndiyo!" Mumbua alitangaza.

"Ndiyo!" Babu alijibu peke yake, kwa sauti ya watu kumi.

"Hoja imepita," Mumbua alisema, akaweka birika motoni huku akicheka.

Utani huo ulikuwa na asili yake. Mzee Bethuel aliwahi kuwa mheshimiwa wa kweli. Mwaka 1963, kule Kenya, watu wa kwao walimchagua kuwa mjumbe wa Baraza la Jimbo lililotunga sheria za sehemu yao ya nchi. Mabaraza hayo hayakudumu. Mwaka uliofuata yalivunjwa, naye akarudi shambani kwake. Mkewe alipofariki, binti yake Edah, mama yake Mumbua, aliyekuwa muuguzi mjini Birmingham, Uingereza, alimleta aishi naye Small Heath. Huko hakuna aliyejua uheshimiwa wake. Majirani walimwona tu kama mzee mrefu aliyewasalimu hata wasiomjibu.

Jambo moja tu Mumbua hakulipenda katika vikao vile. Chai ilipokwisha, Babu alikitazama kiti kitupu kilichokuwa mbele yake na uso wake ukabadilika. "Imebaki hoja moja," alisema polepole. "Lakini si ya leo." Jikoni kukawa na baridi hata hita ikiwaka. Mumbua, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na ulimi usiopumzika, hakuthubutu kumwuliza ni hoja gani.

Novemba ya mwaka 1971 ikafika na ukungu wake. Huko Uingereza, tarehe tano ya mwezi huo, watoto hutengeneza sanamu la nguo kuukuu linaloitwa Gai. Huliketisha kando ya barabara na kuwaomba wapita njia peni za kununulia fataki. Giza likiingia, huwashwa moto mkubwa na Gai huchomwa juu yake. Mumbua na rafiki yake Jaswinder, ambaye wazazi wake walihamia Birmingham kutoka Nairobi, walikuwa wametengeneza la kwao kwa suruali mbovu na magazeti.

"Gai wetu hana koti," Jaswinder alilalamika. "Wale wa mtaa wa pili wamempa Gai wao hadi kofia. Nani atatupa peni sisi?"

"Ngoja," Mumbua alisema. "Najua lilipo koti lisilovaliwa na mtu."

Chini ya kitanda cha Babu kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake koti zito la jeshi, limetobolewa na nondo na kukosa kifungo kimoja. Mumbua hakuwahi kumwona Babu akilivaa. Alijiambia kwamba ni tambara tu, lakini kama kweli aliliona tambara, mbona alilificha ndani ya mfuko wa shule na kutoka kwa mlango wa nyuma?

Walimketisha Gai kwenye Barabara ya Coventry, ameegemea ukuta wa duka la nyama, kichwa kimeinama kifuani. Koti lilimkaa vizuri mno. Peni zilianza kudondoka ndani ya kopo, na Jaswinder akawa anaruka kwa furaha.

Ndipo Babu akatokea ndani ya ukungu. Kwa kawaida hakupita upande ule, lakini siku hiyo alikuwa ametoka kununua tumbaku. Mumbua alimwona kwanza, akakimbilia nyuma ya kibanda cha simu.

Babu alisimama ghafla. Fimbo ikamponyoka. Alikaza mgongo, akapiga saluti, halafu akapiga magoti kwenye lami yenye maji na kulishika sanamu mkono.

"Alfayo," alisema. "Zamu yako imekwisha. Inuka, twende."

Sanamu lilibaki limeinamisha kichwa. Babu alisubiri jibu. Alipoona halimjibu, aliinuka kwa shida, akaondoka akiyumba, na fimbo yake akaiacha pale pale.

"Babu yako ana nini?" Jaswinder alinong'ona. "Alfayo ni nani?"

"Sijui," Mumbua alisema, na kweli hakujua. Alimwomba Jaswinder ampeleke Gai kwenye kiwanja kitupu, mahali nyumba za zamani zilipobomolewa, ambako moto ungewashwa. Akaokota fimbo, akazungukazunguka mitaani kwa woga hadi giza lilipoanza kuingia, ndipo akaenda nyumbani.

Alimkuta mama yake ndiyo kwanza amerudi kutoka nje, amelowa. "Nimefika pale dukani, Baba," Edah alikuwa akisema. "Hakuna mtu. Ukuta mtupu."

"Nimemwona, mwanangu. Ameketi vilevile kama tulivyomkuta siku ile."

"Alfayo alikufa vitani, Baba. Ulituambia mwenyewe."

"Najua alikufa," Babu alisema. Alikuwa amejikunja kitini, mdogo kuliko Mumbua alivyowahi kumwona. "Miaka yote hii nimemwona ndotoni tu. Sasa namwona mchana, barabarani. Edah, wewe ni muuguzi. Kesho nipeleke kwa daktari wa wagonjwa wa akili. Wakitaka kunilaza, wanilaze."

Edah aligeuka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake. Mumbua aliweka fimbo ukutani bila sauti. Maneno yalikuwa mdomoni lakini woga ulikuwa umeyabana. Akisema, atachapwa. Asiposema, hakuna atakayejua kamwe, kwa maana saa si nyingi koti litakuwa majivu. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza, na wepesi ule ndio uliomtia hofu zaidi.

Nje fataki ya kwanza ikapasuka. Kikombe kilimtoka Babu mkononi, chai ikamwagika, naye akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Babu si mgonjwa!" Mumbua alipiga kelele. "Ni mimi! Nilichukua koti sandukuni tukamvika Gai. Ulichokiona kilikuwepo kweli, Babu. Mimi nilijificha nyuma ya kibanda cha simu."

Edah alifungua kinywa kumkaripia, lakini Babu aliinua mkono. "Kwa hiyo nililishika kweli?"

"Ulilishika, Babu. Uliushika mkono wake."

Machozi yalimtiririka mzee. "Na sasa liko wapi?"

"Wanalichoma."

Babu aliinuka na kutoka, bila kofia na bila fimbo. Wakamfuata mbio. Kiwanjani mbao na viti vibovu vilikuwa vimeshika moto, na Gai alikuwa juu kabisa, ndimi za moto zikimfikia mkono.

"Simameni!" Babu alinguruma kwa Kiswahili. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika barazani, na umati mzima ulinyamaza ingawa wengi hawakujua neno lile. Baba yake Jaswinder, aliyewahi kuwa fundi wa reli Nairobi, alilielewa. Alinyakua ufito mrefu, akalivuta sanamu hadi likaanguka chini. Babu alilipigapiga kwa viganja vyake mpaka cheche zikazimika. Mkono wa kushoto ulikuwa umeungua hadi kwenye kiwiko.

Alilikumbatia lile koti linalofuka moshi. "Alfayo ni nani, Babu?" Mumbua aliuliza.

"Tulikuwa pamoja jeshi la Keya, askari wa Mwingereza, tukipigana na Waitaliano katika milima ya Uhabeshi," Babu alisema. "Baridi ya huko ilikuwa kali kuliko hii. Zamu ya ulinzi ilikuwa yangu, nami nilikuwa na homa. Alfayo alivua koti lake akanifunika, akaenda kulinda mahali pangu. Asubuhi tulimkuta ameketi kwenye jiwe, kichwa kifuani. Tulidhani amelala, kumbe baridi ilikuwa imemwua. Miaka mingi baadaye, nilipoomba kura, mama yake aliniambia, 'Kura nitakupa, lakini kawaulize huko barazani mwanangu amelala wapi.' Niliingia barazani na koti hili mkononi. Nilitaka majina ya wasiorudi yachongwe kwenye jiwe, mama zao wapate mahali pa kulilia. Niliambiwa ningoje kikao kijacho. Kikao hicho hakikuja, na mama yule alikufa akisubiri."

Mumbua alijifuta kamasi kwa mkono wa sweta, akasimama wima.

"Mheshimiwa," alisema, "toa hoja yako sasa."

Babu alinyoosha ukosi wa shati lake. "Bibi Spika, naomba kutoa hoja kwamba Alfayo Muthengi asisahauliwe."

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo," alisema Edah. "Ndiyo," walisema Jaswinder na baba yake.

"Hoja imepita," Mumbua alisema, akaangua kilio.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Babu alimshika Mumbua mkono. "Kuchukua koti bila ruhusa ni kosa, na utalishona mwenyewe," alisema. "Lakini kosa hilo ni dogo. Kosa kubwa ni kuniona nikijidhania mwendawazimu na ukweli ukiwa mikononi mwako. Mtu akiteseka, na wewe unajua kitakachomwondolea mateso, usingoje kujua utaadhibiwa vipi. Sema kwanza. Leo umechelewa kidogo, lakini umesema, na umeniponya."

Kesho yake chai ilinywewa kama kawaida. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye kile kiti kitupu, mkono mmoja mfupi. Chai ilipokwisha, Mumbua alisubiri maneno yale aliyoyaogopa. Babu alilitazama koti, machozi yakamlengalenga, kisha akasukuma kikombe chake mbele.

"Bibi Spika," alisema, "naomba kingine."