Nilimtwika Mwanangu Lawama ya Pasipoti

Nina miaka arobaini na tatu, mama wa watoto watatu, naishi Miritini. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwa masomo ya jioni ya gumbaru, ili niisome Biblia bila kusomewa. Haya nawaandikia kwa mkono wangu mwenyewe.

Mume wangu, baba Kadzo, alikuwa mpishi kwenye meli ya watalii. Miaka miwili hatukumtia machoni! Halafu mwezi wa Oktoba akapiga simu, anacheka kama mtoto. Disemba meli yao itatia nanga Mombasa, na kampuni imemkubalia apande na mke na watoto, siku kumi na mbili, kuzunguka visiwa na kurudi. Akasema kifua kinamsumbua, lakini akituona kitapoa.

Jambo moja tu aliniomba: nipeleke pasipoti zote kwa wakala wa safari zikaangaliwe.

Yangu na za wadogo zilikuwa mpya. Ya Kadzo, binti yangu wa miaka kumi na minne, ilikuwa ya zamani. Niliifungua nikasoma mwenyewe: mwisho wake Aprili. Nikahesabu kwa vidole… Si tutarudi haijaisha? Wakala wa nini, na mimi najua kusoma?

Nikamwonyesha Dada Mercy, mwenzangu wa kwaya, kwa vile yeye hufanya kazi kwa wakala. Nilitaka afurahi nami.

"Mama Kadzo, tarehe isikudanganye," akaniambia. "Meli zataka miezi sita mbele, tena yahesabiwa kutoka siku ya kurudi. Ipeleke ikabadilishwe, muda upo."

"Dada, usininenee mabaya."

Nilidhani ni kijicho! Nikazifunga pasipoti zote kwenye leso, nikaziweka madhabahuni kanisani kwetu kwa maombi ya siku arobaini. Kwetu kitu kikishawekwa pale hakiguswi mpaka siku zitimie. Mercy akanifuata mara mbili zaidi, nikamnunia hata kwenye mazoezi.

Siku ikafika. Kadzo alikuwa amesuka nywele, amebeba mkate wa sinia aliompikia babake. Pale bandarini afisa akaigeuza geuza pasipoti yake.

"Mama, tarehe haijapita, lakini haitoshi. Nyinyi wengine pandeni. Huyu msichana abaki."

Ningemwacha vipi? Tukabaki sote.

Baba Kadzo aliruhusiwa kuteremka dakika chache, na aproni yake. Akawakumbatia watoto, akakohoa, akaupokea ule mkate. Kisha akaniuliza kwa upole kama nilizipeleka kwa wakala.

Wasomaji wenzangu… nikamjibu, "Ni hii ya Kadzo ndiyo yenye matatizo."

Kadzo akainamisha kichwa. Meli ikaondoka.

Februari mume wangu alianguka jikoni, huko huko baharini. Alirudishwa kwa ndege, ndani ya sanduku.

Matangani watu walinong'ona kwamba pasipoti ya mtoto ndiyo iliyotunyima siku zetu za mwisho naye. Mercy alikuwepo, akanitazama. Nami nikanyamaza! Mama gani huyo?

Kadzo akaacha kula. Wiki iliyopita nilimkuta sakafuni, ameikata picha yake kwenye ile pasipoti kwa mkasi.

"Mama, kama nisingezaliwa mimi, mngepanda," akasema.

Nikapiga magoti mbele yake nikamweleza yote. Maneno ya Mercy, leso, madhabahu, kiburi changu. Nikamwambia, "Si pasipoti yako mwanangu. Ni mimi." Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkasi mkononi mwangu, akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hajaniita mama…

Mungu namwamini hata leo, wala simlaumu. Alimtuma Mercy mara tatu, nikamfukuza! Wazazi wenzangu, iombeeni safari, lakini fungueni pasipoti ya kila mtoto. Hesabuni miezi sita kutoka siku ya kurudi, na ulizeni masharti ya kila nchi ambako meli itatia nanga. Anayekuonya hakulaani.

Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtoto hajakubebea lawama.