Amana ya Mjomba Maftah

ALHAMISI, ALASIRI

Nashon alipanga vizibo vya soda juu ya meza. Kimoja msikiti. Kimoja duka. Cha tatu, kilichopinda, alikiita Okeny, askari wa mlangoni.

"Huyu si shida," alisema. "Ana rungu na njaa. Rosebella atammaliza na matoke."

Rosebella alicheka, mwiko mkononi. Chumba kile kilikuwa nyuma ya hoteli yake ya chakula, Nakawa, kikinuka vitunguu na mkaa. Kila mchana huwapelekea wenye maduka wa mjini sahani za chakula, na hakuna anayemtazama mara mbili mwanamke mwenye sinia kichwani.

Wamalwa, mwendesha boda, hakucheka. Yeye na Nashon walivuka mpaka wa Busia pamoja, wakalala godoro moja, wakagawana kila kitu isipokuwa siri.

Wa nne alikuwa Mubarak. Bila yeye, vizibo vile vingebaki vizibo. Alikuwa mpwa wa Mzee Maftah, sonara wa Old Kampala, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Kila Ijumaa mzee hufunga duka, akaenda msikitini na mpwa wake. Kabla ya kutawadha huvua saa na pete, hutoa na shada la funguo, vyote akampa kijana ashike. Hajawahi kumpa mtu mwingine.

"Unampa Wamalwa funguo pale kwa viatu," Nashon alisema. "Tunafungua, tunabeba, tunafunga. Kabla imamu amalize, funguo ziko ndani ya kiatu chako. Mzee akifungua sefu, atadhani majini wamepita."

"Mjomba asiguswe."

"Ataguswaje na yuko kwa sala?"

Rosebella alimkazia macho Mubarak. "Na wewe unatafuta nini hapa? Si ni mjomba wako?"

"Duka amempa Abubaker. Huyo mwanawe yuko Dubai, hajui hata kufua pete. Mimi nimelifagia tangu sijabalehe."

"Basi imeisha," Nashon alisema, akavikusanya vizibo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wote mle chumbani waliijua methali hiyo, na kila mmoja aliamini kwamba nguo inayosemwa ni ya Mzee Maftah peke yake.

IJUMAA, KABLA YA ADHANA

Penye mabomba ya msikitini, Mzee Maftah alikunja mikono ya kanzu. Akavua saa. Akavua pete. Akatoa funguo.

"Shika amana, baba."

"Nimeshika, mjomba."

Maneno yaleyale ya kila Ijumaa, lakini leo Mubarak aliyasema huku akijifuta jasho. Mzee alisukutua, akaosha uso, akamwangalia vizuri.

"Una homa wewe. Nipe vitu vyangu, ukalale nyumbani."

"Sina homa, mjomba."

Nafasi ya kurudi nyuma ndiyo ile. Ilimjia yenyewe, na akaiacha ipite.

Kwenye ngazi, penye viatu, Wamalwa alikuwa amesimama na kofia ya kuazima, imemkaa kama kifuniko cha sufuria. Funguo zikapita mkono kwa mkono.

"Kabla ya salamu," Mubarak alinong'ona.

"Nimekuahidi," Wamalwa alisema, na alimaanisha.

HOTUBA IKIENDELEA

Mtaa ulitulia, milango mingi imefungwa kwa ajili ya sala. Nyuma ya jengo Rosebella alimketisha Okeny, akamfunulia sahani: matoke, mchuzi wa njugu, kipande cha samaki.

Kufuli likafunguka. Nashon akaingia na begi. Wamalwa akabaki nje juu ya pikipiki.

Sefu nayo ikatii. Bangili, mikufu, vipuli, kila kimoja kwenye kifuko chenye jina la mwenyewe, maana wajane wa mtaa huiweka dhahabu yao kwa mzee kuliko kuipeleka benki. Nashon alizoa vyote, na majina yake.

Mambo yaliharibika kwa jambo dogo la kuchekesha, kama si la kuliza. Rosebella, mpishi wa miaka yote, alikuwa amesahau maji ya kunawa.

"Mama, maji iko wapi?" Okeny aliuliza.

"Kula tu, kaka. Mikono yako safi."

"Mimi hapana kula na mikono chafu. Jerikeni yangu iko pale mlangoni."

Rosebella alimshika shati. Likamponyoka, naye akabeba sinia yake akatokomea.

Okeny alipiga kona, akaukuta mlango wazi. "Wewe nani? Nani nafungua duka ya mzee?"

Nashon alikuwa ameapa kwamba hakuna silaha. Nondo ilitoka ndani ya koti. Pigo moja. Okeny aliiangukia jerikeni yake, ikamwagika, na maji aliyoyafuata yakamnawisha mikono akiwa amekwisha kufa.

"Umeua mtu!" Wamalwa alimaka.

"Washa pikipiki."

"Lete funguo nizirudishe. Nilimwahidi kijana."

Nashon alizichomeka kwenye kufuli, akaziacha zining'inie. "Sasa kuna maiti. Polisi watataka mtu. Nani alishika funguo?"

"Ni mwenzetu, Nashon."

"Mtu ameuza mjomba wake. Sisi atatuuza kabla jua lizame. Endesha!"

Wamalwa aliendesha, lakini maneno yale yalimkaa kichwani njia nzima. Kama Mubarak ameuzwa hivi, zamu ya nani inafuata? Walipofika Bukoto, karibu na nyumba walikopanga kukutana, Nashon alishuka kuchungulia njia. Begi lilikuwa juu ya tangi la mafuta. Wamalwa hakuzima injini. Aliligeuza tu boda, akakata.

Nashon alikimbia nyuma yake, kisha akapiga ukelele uleule ambao maisha yake yote alikuwa akiukimbia.

"Mwizi! Omubbi! Mshikeni!"

Vijana wa stendi ya boda hawaulizi kaiba nini. Walimzibia njia kwa pikipiki zao, wakamwangusha, na mawe yakamaliza mengine. Begi likapasuka. Mikono mingi ikaokota. Nashon alisimama nyuma ya umati, mikono mitupu, akimtazama mtu aliyegawana naye godoro moja, na hata kusema "ile mali ni yangu" hakuweza.

BAADA YA SALAMU

Palikuwa na jeneza. Imamu aliwaomba watu wabaki wamsalie maiti. Mubarak angeweza kutoroka kabisa. Badala yake alikimbilia penye viatu, akatia mkono katika kiatu chake cha kulia, kisha cha kushoto. Akavitikisa. Wamechelewa tu, alijiambia. Hata msaliti huamini kwamba yeye hatasalitiwa, na ujinga huo unauma kuliko wizi wenyewe.

Mjomba alitoka. "Nipe amana, baba."

Mubarak alimpa saa. Akampa pete. Mkono wa mzee ulibaki wazi.

"Na funguo?"

Kijana aliinamisha kichwa. Mzee alimtazama, akatazama viatu vilivyopinduliwa, na akaelewa. Polepole akaufunga ule mkono mtupu.

Polisi walikuwa wanapanda ngazi.

"Mzee Maftah? Askari yako amekufa. Duka iko wazi, hakuna kitu imevunjwa. Funguo iko kwa mlango. Ilikuwa na nani?"

Mubarak alifungua mdomo. Neno moja tu lilitakiwa, "mimi", na halikutoka.

"Nilikuwa nazo mimi," alisema mzee, ambaye hajawahi kumdanganya mtu hata juu ya uzito wa pete.

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

"Basi twende. Dhahabu ya watu imepotea na mtu amekufa. Utatueleza vizuri."

Bi Shamsia, mjane aliyekuwa amemwekea bangili zake za harusi, alisimama kwenye ngazi akisikia yote. "Hata wewe, Mzee Maftah?" alisema, na sauti yake ikakatika.

Kabla ya pingu, mzee aliwaomba polisi wamsubiri kidogo. Akavua saa. Akavua pete. Akamwekea mpwa wake kiganjani, kama penye bomba.

"Shika amana, baba."

"Nimeshika, mjomba," Mubarak alisema, na hakusema neno lingine mpaka gari la polisi lilipokwisha kushuka mlima.