Simu Iliyojibu Haraka

Ndugu zangu, hasa ninyi mlio na wazazi mbali, nawaomba mnisikilize kwa subira. Jambo ninalowasimulia halikuanza kwa ugomvi wala kwa ulevi. Lilianza kwa utulivu, na huo utulivu ndio uliokuwa na sumu.

Asubuhi moja ya Julai, Runji aliamka katika nyumba yake ya kupanga mjini Meru, akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia kwa muda mrefu: kimya. Nje ukungu ulikuwa ukiondoka taratibu. Mkewe Kiende alikuwa akichemsha chai, na nyumba yote ilinukia tangawizi. Simu ilikuwa mezani, imelala kama paka aliyeshiba.

"Leo haijalia?" Kiende aliuliza.

"Haijalia. Na haitalia tena ovyo."

"Wacha we! Kwa hivyo nimerudishiwa bwana yangu?"

Wakacheka, wakanywa chai kama watu wa likizo.

Kazi ya Runji ilikuwa kuchunga mitambo asiyoiona. Vyama vya wafugaji, kutoka Kiirua hadi upande wa Embu, vilikuwa na matangi ya kupozea maziwa. Kila tangi lilikuwa na kifaa kidogo cha kupima joto, nacho kilituma habari kwenye kompyuta za mbali, zile ambazo watu wa kazi hiyo huziita wingu. Joto likipanda, kengele hulia kwenye simu ya Runji, naye huinuka, awe anakula au anaomba, aangalie kuna nini. Taabu ni kwamba kengele nyingi zilikuwa za bure. Wakulima wakimimina maziwa yaliyotoka kukamuliwa, yangali na joto la ng'ombe, tangi hupiga kelele, kisha baada ya muda hupoa lenyewe. Runji alikuwa amekonda kwa kushtushwa na mambo yasiyokuwapo.

Basi akaweka msaidizi wa akili unde, akamwita Mlinzi. Akamwagiza hivi: kengele inayojirudia na kutulia yenyewe, izime. Iliyobaki, niandikie kwa mstari mmoja. Ikiwa ni hatari kweli, niite.

Mlinzi alijifunza upesi. Haukupita muda, mtambo wa kupoza wa Kiirua ukaharibika. Joto likapanda na kukataa kushuka. Mlinzi akamwita Runji papo hapo, fundi akatumwa, maziwa yakaokolewa. Ofisini Runji akapigiwa makofi hadi akaona haya.

Hapo ndipo moyo ulipomdanganya. Alijiambia, kama Mlinzi anaweza kuchunga maziwa ya vyama vyote hivyo, atashindwa na simu yangu? Akampa na jumbe zake zote: za kamati ya kanisa, za binamu waombao michango, na za mama yake. Tena akamruhusu kuzijibu zile ndogondogo, kwa maneno yanayofanana na yake.

Mama yake, Marigu, alikuwa mjane. Aliishi peke yake Manyatta, karibu na mji wa Embu, na ng'ombe wake mmoja. Hakupenda kuandika. Alituma sauti, kwa Kiswahili cha sokoni kilichochanganyika na Kiembu. Na ninyi mnawajua mama zetu. Hawasemi shida yao wazi. Atakusalimu, ataulizia mvua ya huko, atamsalimu mkwe, atamtaja ng'ombe, na shida yake ataificha katikati ya hayo kama yai kwenye majani. Usipoangalia unapoweka mguu, utalikanyaga. Zamani Runji alijua kulitafuta yai hilo. Sasa Mlinzi aliigeuza sauti kuwa maandishi, akayanyoosha, akayafupisha, na kumjibu mama kabla hajaiweka simu chini: "Salama mama. Kazi ni nyingi kidogo. Mungu akulinde."

Kanana, mwenzake wa ofisini, aliposikia mpango huo alisimamisha kijiko cha sukari hewani.

"Na mama pia umemweka huko?"

"Si ni salamu tu? Anajibiwa haraka kuliko ningemjibu mimi."

"Ngoja, boss. Kwa matangi, ulimwambia Mlinzi digrii ngapi ndiyo hatari. Kwa mama ulimwambia nini?"

Runji akacheka. "Kanana, mama si tangi."

"Ndiyo maana nauliza."

Runji alifanya mzaha mwingine, na wote wakarudi kazini. Ofisini kulikuwa na desturi nzuri: kila asubuhi mmoja wao husoma kengele zote alizozima Mlinzi, aone kama kuna aliyokosea. Lakini jumbe za nyumbani hazikukaguliwa na mtu.

Wiki zilipita. Mistari ya Mlinzi ikawa inakuja, mifupi na safi.

Mama anakusalimu. Baridi imezidi. Hakuna la dharura.

Mama anakusalimu. Kikombe kimemponyoka na kuvunjika. Hakuna la dharura.

Mama anakusalimu. Hakwenda kanisani, kichwa kilikuwa kizito. Hakuna la dharura.

Msomaji wangu, wewe umeshashtuka. Runji hakushtuka. Aliisoma akiwa amesimama, akasema moyoni kwamba Jumapili atampigia, na Jumapili ilipofika, kimya cha simu kilikuwa kitamu mno kukivunja.

Jumamosi moja mchana, Kiende alikuwa akimenya viazi, na simu ya mumewe ilikuwa karibu na sufuria. Mstari ukaja. Kiende akausoma kwa sauti, kwa mchezo, akiigiza mtangazaji wa redio: "Mama anakusalimu. Ng'ombe amekamuliwa na Mukami. Hakuna la dharura."

Kisha kisu kikasimama.

"Mukami ni nani?"

"Binti ya jirani, Mzee Gitari."

"Kwa nini amkamue ng'ombe wa mama?"

"Labda anasaidia tu, Kiende."

"Runji, mimi nimezaliwa Kiirua kwenye ng'ombe. Siku uliyonipeleka kwenu, mama alininyima hata ndoo. Aliniambia huyu ng'ombe anajua mkono mmoja. Hata ulipomzika baba yako, si ulinieleza kwamba mama alitoka matangani akaenda kukamua?"

Runji akausoma mstari ule tena.

"Nataka kumsikia," Kiende alisema.

"Lakini imeandikwa hapo..."

"Sitaki maandishi. Nataka sauti yake."

Kiende akaigusa sauti ile kwenye simu ili isikike. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Marigu, na haikuwa yake. Maneno yaliburura miguu. Mengine yalianza yakakosa mwisho. Mlinzi alikuwa ameyanyoosha yote yakawa sentensi nzuri, na katika kuyanyoosha alikuwa ameufuta ugonjwa.

"Mwana...ngu. Huko mvua... ipo? Msalimu Kie... Kiende. Leo Mukami ame... amenikamulia. Mkono huu u... umekataa." Kikafuata kimya, pumzi, na mlio wa ng'ombe kwa mbali. "Siku hizi unanijibu haraka, mwanangu. Bari... barikiwa."

Chini ya sauti hiyo, jibu lilikuwa tayari limekwenda: Salama mama. Kazi ni nyingi kidogo. Mungu akulinde.

"Nani amemjibu hivi?"

"Mlinzi."

"Mlinzi ni mtoto wa nani?" Kiende aliuliza, na machozi yakamtoka.

Runji alipiga simu ya mama yake. Ililia hadi ikakatika. Akapiga tena. Kisha akalitafuta jina la Gitari, akalikosea, akalitafuta tena. Mzee alipopokea na kuombwa amwangalie mama, alimwambia Runji asikate simu, akaruka ua na kuingia bomani kwa Marigu. Runji alisikia buti zikikanyaga matope, kisha zikasimama.

"Kijana wangu," Gitari alisema polepole, "yuko chini, kando ya zizi. Yuko hai. Simu yake ameishika, anaitazama. Namwita, haongei."

Gari la kukodi liliwateremsha kupitia Chuka hadi Embu. Walimkuta Marigu hospitalini, alikopelekwa na Gitari, mdomo umepinda, upande mmoja wa mwili umenyamaza. Daktari alieleza kwamba ni kiharusi, na kwamba mara nyingi mwili hutoa ishara kabla.

"Hakuna mtu aliyekuwa akiongea naye?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Gitari, aliyekuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, ndiye aliyejibu. "Mimi nilimwambia, 'Marigu, mwambie kijana.' Akasema, 'Nimemwambia. Mwanangu ananisikia, hata simu sijaiweka chini ameshanijibu.' Basi, nami nikanyamaza."

Runji aligeukia ukuta.

Marigu hakufa, ndugu zangu. Lakini kinywa kilichokuwa na salamu ndefu kuliko zote za Manyatta hakikusema tena. Runji na Kiende wamehamia huko. Mlinzi bado anachunga matangi, na anayachunga vizuri. Kila asubuhi Runji husoma yote aliyoyazima, moja moja. Simu yake ya nyumbani haichungwi na yeyote. Hulia ovyo, kwa mambo ya michango na mikutano, naye huipokea kila mara kama mtu anayezima moto.

Jioni hujaribu kukamua. Ng'ombe humpiga teke, kwa maana haujui mkono huo. Marigu, kwenye kiti chake mlangoni, hufungua mdomo kama anayetaka kumfundisha. Runji huiacha ndoo, huenda, hupiga magoti na kuweka sikio lake karibu na midomo ile. Husubiri sana. Hutoka pumzi tu.

FUNZO TULILOACHIWA NA MARIGU

Chombo hakikumdanganya Runji. Kilifanya alichoagizwa, nacho kiliagizwa kumpa amani. Tukubali msaada wa mashine katika kazi zetu, lakini kile tulichokikabidhi tukikague kwa macho yetu. Tena kuna sauti ambazo hazikabidhiwi. Mzazi hana kipimo cha joto kinachoonyesha lini ni hatari. Kipimo chake ni mtoto anayemjua, anayeshtuka akisikia kwamba leo ng'ombe amekamuliwa na mkono mwingine.

Wewe unayesoma haya, kama mama yako alikutumia salamu leo, usizisome tu. Mpigie, umsikilize hadi amalize habari za mvua.